Mali Bila Daftari: Historia ya Mashine Pepe na Hifadhi ya Data, Ikitazamwa Kutoka Juba

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mama yangu hakuijua methali hii mpaka nilipomfasiria, lakini maana yake alikuwa ameshaijua kwa uchungu. Mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya uhuru wa Sudan Kusini, aliandikishwa kupata kiwanja pembezoni mwa Juba. Alilipa ada, akapewa risiti, na jina lake likaingizwa katika kompyuta ya ofisi iliyohusika. Mwezi Julai 2016 mapigano yalipozuka mjini, alikimbilia Uganda akiwa na wadogo zangu wawili na sufuria moja. Risiti ilibaki ndani ya nyumba, na nyumba ikaporwa. Mimi wakati huo nilikuwa Kakuma, Kenya, kwa mama mdogo, nikisoma shule ya msingi. Huko ndiko nilikokipata Kiswahili hiki ninachokiandika.

Aliporudi mwaka 2019 alikwenda ofisini kuulizia kiwanja chake. Karani alimjibu kwa upole, kwa Kiarabu cha Juba, kwamba seva ilikufa, na kama ana karatasi ailete. Karatasi ilikuwa imechukuliwa na vita. Seva ilikuwa imechukuliwa na umeme: siku moja jenereta liliwaka kwa nguvu kupita kiasi, diski ikaungua, na pamoja nayo orodha yote. Nakala nyingine haikuwepo.

Nilipomwambia mhadhiri wetu wa historia kwamba ninataka kuandika juu ya seva, aliniuliza kama hiyo ni historia au ni somo la kompyuta. Swali lake lilikuwa la haki, na insha hii ndiyo jibu langu. Nitajaribu kuonyesha kwamba historia ya teknolojia hii ni ya jitihada moja ndefu: kukitenganisha kilichomo na chombo chake, ili chombo kikivunjika kilichomo kisipotee. Jitihada hiyo imefaulu kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, kila ilipotukomboa kutoka kwa chombo, ilituweka mikononi mwa mwenye ufunguo. Nitaonyesha pia kwamba watu wa Juba walikutana na tatizo hili kwenye karatasi kabla ya kukutana nalo kwenye kompyuta.

Chombo na kilichomo

Tuanze na maana. Seva ni kompyuta ambayo kazi yake ni kuhudumia kompyuta nyingine: hutunza mafaili, barua pepe, orodha za mishahara, rejista za ardhi. Kwa muda mrefu desturi ya maofisi ilikuwa seva moja kwa kazi moja. Kila kazi mpya ilinunuliwa mashine yake, na nyingi kati ya hizo zilikaa bila kazi sehemu kubwa ya siku huku zikila umeme. Mashine ikiharibika, kazi yake ilikwama mpaka ipatikane nyingine na programu zote ziwekwe upya.

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu tupu, haina bati wala waya. Programu maalumu, ambayo mafundi huiita haipavaiza, hukaa juu ya mashine halisi na kuigawa. Kila mashine pepe hupewa sehemu ya kumbukumbu, sehemu ya diski na zamu yake ya kutumia kichakataji. Kila moja hujiona kana kwamba iko peke yake, kama wapangaji wa nyumba moja ambao kila mmoja ana mlango na ufunguo wake. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mashine pepe nzima, pamoja na programu na mipangilio yake, ni mafaili tu. Faili linaweza kunakiliwa na kuhamishwa. Mashine halisi ikifa, mashine pepe inaweza kuwashwa juu ya mashine nyingine, mradi mafaili yake yapo mahali salama. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mashine pepe ni methali hiyo iliyogeuzwa kuwa programu.

Neno la kushikwa hapa ni "mradi". Mashine pepe hutatua tatizo la kichakataji na bati, lakini haitatui tatizo la mahali mafaili yanapokaa. Ndiyo maana historia hii ina nyuzi mbili, moja ya mashine na nyingine ya hifadhi, na nitazifuata zote mbili.

Miaka ya 1972 na 1974

Wazo la mashine pepe lina umri mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1964 wahandisi wa kampuni ya IBM katika kituo chao cha Cambridge, Massachusetts, wakiongozwa na Robert Creasy na Les Comeau, walianza kuunda mfumo ulioitwa CP-40. Kompyuta za wakati ule zilijaza chumba kizima na bei yake ilikuwa kubwa mno, nao watumiaji walikuwa wengi. Badala ya kuwapanga foleni, wahandisi hao waliamua kumpa kila mtumiaji kompyuta yake ya kuigiza, zote zikiendeshwa na mashine moja halisi. CP-40 ilifuatwa na CP-67, na mwezi Agosti 1972 IBM ikatangaza mfumo wa VM/370 kwa wateja wake wote.

Mwaka huohuo wa 1972, mwezi Februari, Mkataba wa Addis Ababa ulitiwa saini na kumaliza vita vya kwanza vya Sudan vilivyoanza 1955. Juba ikawa makao ya serikali ya Mkoa wa Kusini uliojitawala. Serikali hiyo changa ilihitaji ofisi, na ofisi zilihitaji majalada. Wakati Massachusetts walikuwa wanaigawa kompyuta moja iwe nyingi, Juba ilikuwa inatafuta makabati.

Mwaka 1974 nao una mambo mawili yanayofaa kuwekwa sambamba. Nchini Marekani, Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha makala iliyoeleza kwa lugha ya hisabati masharti ambayo kompyuta lazima iyatimize ili iweze kuigawa nafsi yake kwa usalama. Makala hiyo inafundishwa mpaka leo. Nchini Tanzania, mwaka huohuo, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Kompyuta ya kwanza nchini humo iliwekwa Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960, lakini kazi ya kuhamishia hesabu za serikali katika mashine ilikwenda mrama, nazo fedha za kigeni zilikuwa zinatumika kulipia vifaa na wataalamu kutoka nje. Marufuku hayo yalilegezwa taratibu katika miaka ya 1980.

Wanafunzi wenzangu wengi hucheka wanaposikia habari hii. Mimi sioni cha kucheka. Tunaweza kusema kwamba marufuku yalikuwa dawa kali kupita ugonjwa, kwa kuwa yalichelewesha mafunzo ya kizazi kizima cha mafundi. Lakini hofu iliyoyazaa ilikuwa na msingi: kwamba hesabu za taifa zinaweza kuingia ndani ya chombo ambacho taifa lenyewe haliwezi kukifungua wala kukitengeneza. Tutaiona hofu hiyo tena baada ya miaka 50, tena katika nchi tajiri.

Chuo kilichohama na nyaraka zilizolala hemani

Niruhusiwe sasa kurudi Juba, kwa kuwa hapa pana mifano miwili ya kuhamisha kilichomo kutoka chombo kimoja kwenda kingine.

Mfano wa kwanza ni Chuo Kikuu cha Juba. Kilianzishwa mwaka 1975 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1977. Vita vya pili vilianza mwaka 1983, na mwaka 1989 chuo kilihamishiwa Khartoum. Kilikaa huko takriban miaka 20, kikaanza kurudi hatua kwa hatua baada ya Mkataba wa Amani wa 2005. Katika miaka hiyo majengo yalikuwa Juba lakini chuo kilikuwa Khartoum. Jina, wahadhiri, mitaala na rekodi za wanafunzi viliendelea kuishi mbali na kuta zake. Mafundi wa mashine pepe wana kitendo kinachofanana na hicho: mashine pepe inayofanya kazi huhamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine bila kuzimwa, na mtumiaji asijue kitu. Tofauti ni kwamba kitendo chao huisha kwa sekunde au dakika chache. Chuo chetu kilitumia miaka, na wapo walioacha masomo njiani. Kuhama kunawezekana, lakini gharama yake hulipwa na mtu.

Mfano wa pili ni Nyaraka za Taifa za Sudan Kusini. Ni majalada ya utawala yaliyoanza mwanzoni mwa karne ya 20: barua za wakuu wa wilaya, taarifa za kodi, kesi, ramani, mipaka ya machifu. Serikali ya Mkoa wa Kusini ilianza kuyakusanya Juba kutoka majimboni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanahistoria Douglas H. Johnson alikuwa mkurugenzi msaidizi wa nyaraka katika serikali hiyo. Vita viliporudi, kazi ilisimama na majalada yakahamishwa huku na huku. Baada ya amani ya 2005 yaliwekwa ndani ya hema kubwa hapa Juba, na kukaa humo miaka kadhaa yakishindana na joto, vumbi, mvua na mchwa. Baadaye yalihamishiwa ndani ya jengo. Watumishi wa nyaraka, chini ya wizara inayohusika na utamaduni na kwa ushirikiano na Rift Valley Institute, walianza kuyasafisha, kuyaorodhesha na kuyapiga picha za kidijitali.

Majalada haya si mapambo. Mkataba wa 2005 ulisema mpaka kati ya Kaskazini na Kusini ni ule uliokuwapo tarehe 1 Januari 1956, siku Sudan ilipopata uhuru. Maana yake ni kwamba mahali nchi yetu inapoanzia na inapoishia panategemea karatasi zilizoandikwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Kama hema lile lingeungua, pasingeungua karatasi tu.

Lakini picha ya kidijitali nayo ni faili, na faili hukaa juu ya diski. Karatasi iliyopigwa chapa miaka ya 1930 inaweza kustahimili hema na bado ikasomeka. Diski inayofanya kazi kila siku haitegemewi kuvuka miaka mingi, na ikifa mara nyingi hufa yote kwa pamoja, wala haibakishi hata nusu ukurasa. Kwa hiyo kuyageuza majalada kuwa picha hakumalizi kazi ya kuhifadhi. Huleta kazi mpya ya aina nyingine, ambayo haina mwisho.

Kutoka Palo Alto hadi Cape Town

Kompyuta ndogo zilipoenea miaka ya 1980 na 1990, wazo la mashine pepe lilisahaulika nusu. Mashine zilikuwa rahisi, kwa hiyo kila kazi ilinunuliwa yake. Zaidi ya hayo, vichakataji vya aina ya x86, vilivyokuwa ndani ya karibu kila kompyuta ya ofisini, havikutimiza masharti ya Popek na Goldberg.

Mwaka 1998 watu watano, wakiwemo Diane Greene na Mendel Rosenblum, walianzisha kampuni ya VMware huko Palo Alto, California. Walipata njia ya kukwepa kikwazo hicho: amri chache za hatari zilizotolewa na mashine pepe zilitafsiriwa papo hapo kuwa amri salama. Bidhaa yao ya kwanza ilitoka mwaka 1999, na mwaka 2001 wakatoa haipavaiza ya seva. Mwaka 2003 waliongeza uwezo wa kuihamisha mashine pepe ikiwa hai, kile kitendo nilichokilinganisha na safari ya chuo chetu.

Mwaka huo wa 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitangaza haipavaiza ya Xen, ambayo msimbo wake ulikuwa wazi kwa kila mtu kuusoma na kuutumia. Miaka ya 2005 na 2006 Intel na AMD ziliviongezea vichakataji vyao uwezo wa kugawanyika bila ujanja wa tafsiri. Mwaka 2007 haipavaiza nyingine ya wazi, KVM, ikaingizwa ndani ya Linux yenyewe.

Afrika ina sehemu yake katika hadithi hii, nayo haisemwi mara nyingi. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilianza kukodisha mashine pepe kwa saa kupitia huduma ya EC2, iliyojengwa juu ya Xen. Kundi la wahandisi waliounda EC2 lilifanya kazi Cape Town, Afrika Kusini, likiongozwa na Chris Pinkham. Kitu ambacho leo tunakiita wingu, na kukidhani kimeshuka kutoka Marekani, sehemu yake ya kwanza ilishonwa barani kwetu.

Diski na pweza

Sasa tuushike uzi wa pili, yaani hifadhi. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Berkeley, California, walichapisha makala iliyoeleza jinsi diski nyingi za bei nafuu zinavyoweza kuunganishwa ili moja ikifa data isipotee. Mpango huo, unaojulikana kama RAID, ulienea duniani kote. Juu yake kampuni kubwa zilijenga makabati maalumu ya hifadhi, mazuri lakini ya bei kubwa, kila moja likiwa na lugha yake na fundi wake. Aliyenunua kabati la kampuni fulani alilazimika kurudi kwa kampuni hiyo kila alipotaka nafasi zaidi. Kabati likipata ajali, diski zote zilizomo zilikuwa katika ajali hiyo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuutoa ujuzi ndani ya kabati na kuutia katika programu. Hii ndiyo hifadhi inayoongozwa na programu. Mfano wake mashuhuri ni Ceph, iliyotokana na utafiti wa Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Jina lake limetokana na jamii ya pweza, na pweza anafaa kuwa mfano, kwa kuwa kazi imegawanywa mikononi badala ya kukaa kichwani pekee. Ceph huchukua seva za kawaida, hata za makampuni tofauti, na kuziunganisha ziwe ghala moja. Kila kipande cha data huandikwa kwa desturi mara tatu, katika mashine tofauti. Hakuna rejista moja kuu inayosema kipande kipi kiko wapi, kwani kila mshiriki hukokotoa mwenyewe kwa kanuni ileile. Mashine moja ikifa, nyingine hutambua upungufu na kutengeneza nakala mpya bila kusubiri fundi aamke. VMware nayo ilitoa hifadhi ya namna hii mwaka 2014 kwa jina la vSAN, ikitumia diski zilizomo ndani ya seva zilezile zinazoendesha mashine pepe.

Nilipoisoma kanuni ya nakala tatu mara ya kwanza niliwaza ofisi ile iliyompoteza mama yangu. Ilikuwa na seva moja, diski moja, na jenereta moja lisilo na stabilaiza. Teknolojia ya kuzuia msiba ule ilikuwapo tayari, na sehemu yake ilikuwa ya bure.

Mwenye ufunguo

Ingekuwa vizuri kama hadithi ingeishia hapo. Lakini tumeshaona kwamba kilichomo kikitoka kwenye chombo cha bati, huingia kwenye chombo cha programu, na programu ina mwenyewe.

VMware ilinunuliwa na EMC, kampuni ya makabati ya hifadhi, mwaka 2004. EMC ikanunuliwa na Dell mwaka 2016. VMware ikatenganishwa na Dell mwaka 2021. Kisha mwezi Novemba 2023 ikanunuliwa na Broadcom, katika ununuzi uliotangazwa mwaka mmoja na nusu kabla yake kwa thamani ya dola bilioni 61. Mwezi uliofuata Broadcom ilitangaza kwamba haitauza tena leseni za kudumu. Hapo zamani ofisi ililipa mara moja na kuitumia programu hiyo miaka yote, ikiongeza malipo ya huduma kama inataka. Sasa ililazimika kukodi kwa muda maalumu, tena kwa mafungu makubwa yenye bidhaa ambazo pengine haizihitaji. Wateja wengi, wakiwemo vyuo na hospitali za Ulaya na Marekani, walilalamika kwamba gharama zao zimepanda mara kadhaa.

Hapa ndipo ninapowakumbuka Watanzania wa mwaka 1974. Ofisi tajiri za nchi tajiri ziligundua kwamba kumbukumbu zao ziko ndani ya nyumba ambayo mwenye nyumba amebadilika, naye amepandisha kodi. Cha kuazima hakistiri maungo. Kwa ofisi ya Juba jambo hili lina uzito wa ziada: kodi ya leseni hudaiwa kwa dola, na pauni ya Sudan Kusini imeporomoka mara nyingi tangu uhuru. Bajeti iliyopangwa Januari inaweza isitoshe ifikapo Juni.

Wengi wamegeukia programu za wazi. Proxmox, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2008 na kampuni ya Vienna, Austria, huunganisha KVM na Ceph katika mfumo mmoja ambao mtu anaweza kuupakua na kuutumia bila leseni ya kulipia. Tusidanganyane, hata hivyo. Ceph yenyewe imepita mikononi mwa makampuni: kampuni ya Weil ilinunuliwa na Red Hat mwaka 2014, na Red Hat ikanunuliwa na IBM mwaka 2019, ileile IBM ya CP-40. Tofauti ni kwamba msimbo uliokwisha kutolewa wazi hauwezi kurudishwa sandukuni. Mwenye kampuni akibadilika, watumiaji wanaweza kuendelea na nakala yao. Lakini programu ya bure inahitaji fundi anayeijua, na fundi hapatikani bure. Anayekwepa leseni bila kumfundisha mtu amebadilisha deni tu.

Juba leo

Mazingira yetu yamebadilika kidogo. Mwaka 2019 mtandao mpya wa umeme ulianza kuwashwa Juba, na alama ya nchi yetu katika intaneti, .ss, ikasajiliwa rasmi. Mwezi Februari 2020 kampuni ya Liquid Telecom ilitangaza kwamba faiba yake imefika Juba ikipitia Uganda. Kabla ya hapo intaneti ya mji ilitegemea sana setilaiti, na kutuma nakala ya data nje ya nchi kulikuwa polepole na ghali mno. Sasa inawezekana ofisi ya Juba kuwa na nakala moja hapa na nyingine Nairobi au Kampala. Kama inafaa rejista ya ardhi ya raia ikae nchi nyingine, chini ya sheria za nchi hiyo, ni swali ambalo mafundi hawawezi kulijibu peke yao. Hilo ni la wanasheria, wabunge na sisi wanahistoria.

Tangu mwaka jana ninamsaidia fundi mmoja karibu na soko la Konyokonyo siku za Jumamosi. Alinionyesha jinsi ya kuweka Proxmox juu ya seva tatu kuukuu, za miundo mitatu tofauti. Tulipomaliza aliniambia nichomoe waya wa umeme wa mojawapo. Niliogopa. Akasema, "Chomoa, bwana. Usipochomoa leo wakati tupo, itajichomoa usiku wakati hatupo." Nikachomoa. Mashine pepe iliyokuwa juu yake ilizimika, na baada ya dakika chache ikawaka yenyewe juu ya seva ya jirani, na mafaili yake yote yakiwemo. Nimesoma mengi darasani kuhusu kuhifadhi kumbukumbu, lakini somo lile la waya sitalisahau.

Naam, na kiwanja cha mama? Mwaka 2021 tuliambiwa kwamba karani mmoja mstaafu alikuwa na mazoea ya kunakili majina katika daftari lake kila jioni, kwa sababu hakuiamini kompyuta. Wenzake walikuwa wakimcheka. Tulikwenda kwake tukiwa na mjomba. Mzee alilitoa daftari chini ya kitanda, limefungwa kwa karatasi ya nailoni, akapangusa vumbi na kufungua mwaka 2012. Jina la mama lilikuwapo, na namba ya risiti kando yake. Kiwanja bado hatujakipata, kwa kuwa mtu mwingine alishajenga hapo naye ana karatasi zake, na shauri linaendelea. Lakini bila daftari lile pasingekuwa na shauri lolote.

Hitimisho langu linatoka katika daftari hilo. Tangu CP-40 mpaka Ceph, wahandisi wamekuwa wakitafuta kwa akili nyingi kitu ambacho mzee yule alikifanya kwa kalamu: nakala ya pili, mahali pengine, mikononi mwa mtu mwingine. Mashine pepe na hifadhi inayoongozwa na programu zimeirahisisha kazi hiyo, na kwa hiyo ofisi ya leo haina udhuru iliyokuwa nao ile ya 2012. Lakini hazijibu maswali ambayo historia ya Juba inatulazimisha kuyauliza kabla ya kusaini mkataba wowote wa seva au wa wingu: nakala ziko ngapi, ziko wapi, nani ana ufunguo, na nani kati yetu anaweza kuzifungua mwenye ufunguo akiondoka?

Nilipomsomea mama insha hii, nikimfasiria aya kwa aya, alinyamaza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza nimeiweka wapi. Nikamwambia iko kwenye simu, kwenye flashi, na nyingine kwa mhadhiri. Akasema nipige chapa moja ya karatasi, aitunze yeye.